Kinyumenyume

Katembo, mtu asiyejua kukubali hapana, alimbembeleza mkewe Faida mpaka akakubali kwenda naye klabu ya kulenga shabaha kwa bunduki, si mbali na kwao Fairfield, ugenini walikohamia. "Ni mchezo tu, Mama Gloire."

Bado alimwita hivyo, ingawa Gloire, mtoto wao wa pekee, alikufa angali ananyonya, Faida alipokimbia vita kule Kongo. Katembo alikuwa ametangulia kwenye kambi ya wakimbizi. Faida alimwambia mtoto aliuawa na homa.

Klabuni alimfundisha taratibu: mtutu uelekee shabaha wakati wote, kidole kisiguse triga mpaka uwe tayari. Faida alifyatua mara moja, akaiweka bunduki mezani kama alivyoelekezwa. Kisha akaanza kuondoka kinyumenyume, macho hayabanduki kwenye bunduki za wengine, hadi akagonga ukuta.

Katembo akaangua kicheko. "Geuka utembee kama watu, mwanamke! Nani atakupiga hapa?"

"Siku ile niligeuka," Faida akasema. "Niliwapa mgongo wenye bunduki nikakimbia. Na Gloire nilikuwa nimembeba mgongoni, Baba Gloire."