Kipengele cha Kumi na Moja

Jumatano saa nne asubuhi Onkemetse Kgari alibandika mtandaoni mpango wa toleo la tano la Letlha, kisha akafunga kompyuta upesi asije akaghairi.

Letlha ilikuwa programu ya kuhesabu tarehe, kazi ya mikono yake kwa miaka kumi na mitatu. Haikutumika peke yake. Waandishi wa programu waliichukua bure na kuitia ndani ya kazi zao, iwahesabie siku za mishahara, za safari, za chanjo. Mwanzoni walikuwa marafiki watatu tu pale Gaborone. Sasa ilikuwa ndani ya maelfu ya kompyuta asizozijua, na ikiharibika, jina lililotajwa lilikuwa moja, lake. Na mla cha bure hana haya; atakugombeza kama vile amekuajiri.

Walikuwa na kanuni yao tangu enzi za watu watatu: pendekezo likikaa saa sabini na mbili bila mtu kulipinga, limepita. Hakuna kura wala mwenyekiti. Aliyenyamaza amekubali.

Mpango ulikuwa na vipengele kumi na kimoja. Cha kwanza kilisema kibahatishi kiondolewe. Hicho kilikuwa kipande cha zamani kuliko vyote: ukikiandikia 3/4 bila maelezo, kilikisia chenyewe kama ni tarehe tatu Aprili au tarehe nne Machi. Alikiandika akiwa na miaka ishirini na sita, akajiona fundi. Tangu hapo kimemlia Krismasi mbili, na mchumba mmoja aliyechoka kungoja. Kipengele cha mwisho kilikuwa kifupi: "Onkemetse anaacha uongozi. Funguo zote apewe Mmoloki."

Alikuwa amechoka, hilo halikuwa siri. Lakini tuseme kweli: alitaka mtu mmoja, hata mmoja tu, akipinge hicho cha mwisho. Amwambie usiende. Angeenda vilevile, ila angekwenda ameagwa.

Siku hiyo nzima hapakuwa na neno. Alasiri Mmoloki, msaidizi wake kwa miaka minne, akampigia simu.

"Kimya kingi kina mshindo, mma," alisema, kwa adabu ya Kitswana ambayo mwanamke huitwa mma na mwanamume rra. "Usianze kushangilia."

Alhamisi mshindo ukaja. Kibahatishi, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisifu, kiligeuka mboni ya jicho la kila mtu. Kufikia Ijumaa jioni majibu yalikuwa zaidi ya mia na sitini.

Jumamosi asubuhi Mmoloki alikuja Broadhurst nyumbani kwa Onkemetse, na mfuko wa magwinya, maandazi ya kwao, yaliyotoka kwenye mafuta sasa hivi. Walikaa jikoni, feni ikilisukuma joto kutoka pembe moja hadi nyingine.

"Huyu wa Walvis Bay anasema tukikiondoa, meli zake zitachanganyikiwa," Mmoloki alisoma.

"Kwani miaka yote hii zimekuwa zikibahatisha siku ya kufika?"

"Ndiyo hivyo. Tena anajivunia. Mwingine huyu hapa anauliza kwa nini hakuonywa."

"Programu imewaonya miaka mitatu, kila ikiwashwa."

"Ameyazima maonyo, mma. Anasema yalikuwa yanamsumbua."

"Mjibu basi."

"Mjibu wewe. Mimi mdomo umejaa."

Onkemetse alicheka kidogo, akamjibu yule mtu kwa adabu, kama alivyowajibu wote.

Saa nne ilipotimia alianza kuandika matokeo. Cha kwanza kimepingwa, kibahatishi kinabaki. Cha pili hadi cha kumi vimepita. Alipofika cha kumi na moja alirudi juu akayapitia majibu yote, moja baada ya jingine. Hakuna hata moja lililokigusa.

"Wewe ulikisoma?" aliuliza bila kumtazama.

Mmoloki aliweka gwinya chini, akajifuta mafuta.

"Nilikisoma Jumatano ileile."

"Na?"

"Niliandika kupinga. Mara tatu, mma, na mara tatu nikafuta. Ningesema usiende, ungebaki. Nakujua."

"Na hawa wengine?"

"Hawa sijui kama walivuka kipengele cha kwanza."

Machozi yakamlenga Onkemetse. Watu zaidi ya mia walikuwa wamelilia kosa lake la ujanani, na yeye mwenyewe hawakumwona. Akaandika: kimepita.

Dakika haikupita, yule wa Walvis Bay akaleta ujumbe. Alishukuru kibahatishi kimesalimika, kisha akamuuliza Onkemetse lini atarekebisha ile kasoro ya Februari, maana amengoja sana.

Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kumjibu. Akavizuia, akaigeuza kompyuta ikamwelekea Mmoloki.

"Yako hiyo, rra," alisema. "Maliza kutafuna kwanza."