Rundo la Mawe Juu ya Genge

Dada na shemeji walikuwa wakiongoza wageni kwenye njia ya juu ya ziwa. Shemeji alitangulia, dada alishika mkia, akiwasukuma waliochoka. Mimi nilichemsha chai ufukweni na kuwatania kwamba hata harusini waliingia hivyohivyo, mmoja mbele, mwingine nyuma.

Njia haikuwa na vibao. Ukikuta rundo la mawe, unakata kushoto na kuteremka, basi. Ila wageni nao hupenda kupanga mawe wapige picha, ndiyo maana rundo lolote lisilo letu lilipigwa teke papo hapo.

Siku hiyo kundi lilipumzika juu ya genge, dada akiwa mbali nyuma na mzee mmoja mbovu wa goti. Mtoto wa mgeni akajenga rundo lake pale ukingoni. Shemeji alipoinua mguu, mtoto akaangua kilio. Shemeji, ambaye hata kuku huchinjiwa na jirani, akaushusha. Dada akipita atalivunja, alijiambia.

Wakashuka. Ukungu ukapanda kutoka ziwani.

"Mkeo leo kambeba mzee mgongoni," nilimwambia nikimmiminia chai.

Alicheka, akatazama juu. Genge halikuonekana. Akaweka kikombe mchangani.

"Kuna rundo sijalivunja," alisema.

Tulipanda mbio. Mzee tulimkuta ameketi, anaita.

"Kaniambia nisubiri, anatazama njia. Aliona mawe, akakata kushoto."

Kutoka chini ilisikika filimbi ya dada. Shemeji akaitikia kwa kumwita dada jina, akaanza kushuka miambani kwa makalio, ngozi ya viganja ikimtoka. Nami nyuma yake. Filimbi ikalia tena, fupi. Halafu tukasikia maji tu.

Tulipomfikia, mawimbi yalikuwa yakimsukuma kichwa kama mtu anayemwamsha. Shemeji akakaa majini, akampakata. Mimi, ambaye mama huniambia nitaongea hata kaburini, nilimfuta tu maji usoni.

Simu ikaita mfukoni mwangu. Mama.

"Mpe dada yako, yake haipatikani. Nataka kujua kama mnakuja kula."

Nilimtazama shemeji. Alikuwa akimfunga dada kamba za viatu.

"Mama," nilisema, "uko na nani hapo?"

"Peke yangu. Kwani vipi? Usianze utani wako."

"Mwite jirani kwanza, mama. Nasubiri."