Bei ya Mteja wa Zamani

Penina hushona sare za shule Manyamanyama, mjini Bunda. Januari, kazi zikiwa zimemzidi, alijiunga na duka moja la mtandaoni. Kila tarehe tano wangemletea kifurushi cha nyuzi, zipu na vifungo, na hela ingekatwa yenyewe kwenye simu. Elfu kumi na nane, walimwambia.

Februari wakakata elfu ishirini na mbili. Machi, elfu ishirini na tisa. Kifurushi kilekile.

Alipiga simu huduma kwa wateja. Dada mmoja mwenye sauti laini akamwambia bei huenda na wakati.

"Kwani uzi ni nyanya, unaoza?" Penina akauliza. Simu ikakatwa.

Jumapili, baada ya misa, alitembelewa na wifi yake Adventina, naye fundi cherehani kule Butiama. Adventina alikuwa amejiunga wiki iliyotangulia tu. Akafungua simu, akamwonyesha kifurushi hichohicho: elfu kumi na tano.

"Wifi, mbona mimi wananikataga karibu mara mbili?"

"Labda wanaona wewe una hela."

"Wamezionea wapi, na mimi mwenyewe sizioni?"

Kesho yake walikwenda Musoma, kwenye ofisi ya wakala wa duka hilo, Kigera. Wakala aliitwa Stanslaus, bwana wa makamo aliyevaa tai. Penina akaziweka simu mbili mbele yake, moja kando ya nyingine.

Stanslaus akatazama, akarekebisha tai. "Ni mfumo, mama."

"Mfumo ndiyo nani? Muite aje hapa."

Watu waliokuwa wakisubiri vifurushi wakacheka. Stanslaus akashusha sauti. "Mfumo unavutaga wateja wapya kwa bei ndogo. Wa zamani hawaondokagi."

"Kwa hiyo kosa langu ni kutoondoka!" Penina hakushusha sauti. "Muuza dagaa wa Kibara, ukimzoea anakuongezea. Nyinyi na tai zenu na kompyuta zenu, mtu akiwazoea ndiyo mnamchuna. Afadhali mwizi wa ng'ombe. Yeye hakuandikiagi 'mteja wetu mpendwa'."

Akabonyeza neno *Jitoe*. Simu ikamuuliza kama ana uhakika. Kisha ikaandika: *Usiondoke! Kwako wewe tu, elfu kumi na mbili.*

Penina akamgeuzia Stanslaus kioo. "Kumbe ya elfu kumi na mbili mlikuwa nayo."

"Ikubali, mama," Stanslaus akamsihi. "Hata mke wangu anajitoaga kila mwezi ili bei ishuke."

Penina alimtazama kama anavyotazama mshono wa fundi mlevi.

"Mwambie pole," akasema. "Mimi nina kazi."

Akabonyeza *Jitoe* mara ya pili. Adventina naye akajitoa, ingawa bei yake ilikuwa nafuu.

"Zamu yangu ingefika tu," akasema wakiwa mlangoni.

Walichanga, wakaagiza katoni nzima Mwanza kwa muuzaji wa jumla, ikaja na basi, wakagawana. Bei haikuwa nafuu sana kuliko ile elfu kumi na nane ya mwanzo, lakini mwezi uliofuata ilikuwa ileile, na wa tatu pia.

Duka la mtandaoni bado linamtumia Penina ujumbe. *Tumekukumbuka*, linasema, na bei inazidi kushuka. Wiki hii imefika elfu tisa. Anaufuta kabla haujaisha kufunguka.