Kuni za Mgeni

"Usiushike, mama. Uache uning'inie wenyewe," Rosina alisema, na Mama Mbwana akauachia mzigo wa kuni, akarudi nyuma huku mikono yake bado iko hewani.

Mzigo uliyumba chini ya boriti ya baraza, ukatulia. Rosina akasogeza uso kwenye mshale wa mzani, akasoma, akasoma tena, maana huyu mwanamke hasomi kitu mara moja. Kuni zilizobaki zilikuwa chache mno. Tangu jana asubuhi nyumba hii ilikuwa imekula kuni kama tanuri la matofali.

"Vipi, mwanangu?" Mama Mbwana aliuliza. "Nyumba yetu imefaulu?"

"Bado napima, mama."

Lilikuwa jibu la kukwepa, na lilimuuma mwenyewe aliyelitoa. Nyumba ile ilipendeza, asikudanganye mtu. Kuta nene za matofali ya udongo, dari ya matete, jiko la kujengwa ndani, na bomba la kutoa moshi hadi juu ya bati. Mradi wa kina Rosina ulikuwa umejenga nyumba sita za namna hiyo huku upande wa Sindeni, kwenye njia ya Korogwe kwenda Handeni, na ahadi ilikuwa moja: zitakula nusu ya kuni za mafiga matatu. Zikishindwa, ujenzi unasimama. Na waliokuwa wakingoja zamu yao hawakuwa mbali. Mwajabu, mdogo wake Mama Mbwana, alishachimba msingi ng'ambo ya shamba la mihogo. Kila akiwasha moto kwenye kibanda chake cha kupikia, kikohozi kilimtoa nje akiwa ameshika kifua. Hospitali walimwambia akae mbali na moshi. Sasa akae mbali, apikie wapi?

Rosina mwenyewe hakuwa mtu wa makuu. Alipanga chumba kimoja Masuguru, na nguo zake za kazi zilikuwa zile zile, ungezijua hata gizani. Lakini kazi yake, jamani, aliiheshimu. Baba yake alikuwa fundi uashi kule Mkumbara, kwa hiyo alikua akiona nyumba zinavyosifiwa siku ya kukabidhiwa funguo na kulaaniwa masika ya kwanza. Ndiyo maana aliamini kwamba nyumba inapimwa ikiwa na watu ndani, wanapika, wanaoga, wanagombana. Tena kabla ya kupima alianza kwa kuujaribu mzani wenyewe. Aliutundikia pakiti ya sukari ya kilo mbili kutoka dukani kwa Ratilal, na mshale ukikataa kusimama kwenye mbili, hapimi. Halafu, kwa kuwa huwezi kutoa sukari mbele ya mwenye nyumba kisha ukairudisha mkobani kwako, aliiacha hapo hapo. Kila nyumba, kila safari.

Simu iliita akiwa bado barazani. Alikuwa Mhandisi Dennis, mkuu wake, aliyezichora nyumba zile na kuzipenda kama vile atakaa yeye.

"Kwa Mama Mbwana nako?" aliuliza.

"Nako."

"Basi zimeshindwa zote sita. Lakini Rosina, hapa Korogwe kwenye nyumba ya majaribio jiko lilikula nusu tu. Nililisimamia mwenyewe."

"Kwenye nyumba ya majaribio hakai mtu, kaka."

"Pengine hawafuati maelekezo. Tukiandika hivyo, angalau lawama haitaangukia nyumba."

"Itawaangukia wao."

"Una maelezo mengine?"

"Sina," Rosina alisema. "Ndiyo maana leo naomba nishinde hapa."

Akashinda. Alikagua bomba, halikuwa limeziba. Alikagua mlango wa jiko, ulifunga vizuri. Kisha akazunguka nyuma kimyakimya kuangalia mafiga ya zamani, labda bado yanawashwa kwa siri, akakuta kuku ameyageuza kiota na analalia mayai. Rosina aliona haya kwa kuwashuku watu wazima wenye heshima zao.

Huku nyuma chai ya tangawizi ilishapita. Maji ya kuoga yalishachemshwa, akaoga kwa kulazimishwa. Mchana ukaletwa wali, jogoo wa kienyeji aliyetokota tangu asubuhi, na maji ya vuguvugu ya kunawa. Mwajabu akaja na bakuli lake, akajiweka mkekani.

"Dada, wewe usiondoke bwana," akamwambia Rosina huku akicheka. "Ukija ndiyo tunaona wali. Ukishaenda tunarudi kwenye ugali na mlenda, tena tunapika mara moja tu, asubuhi tunamalizia kiporo."

"Mwajabu, una maneno wewe," Mama Mbwana alisema kwa ukali.

Mkono wa Rosina ulikuwa njiani kwenda kinywani, ukaishia hapo. Kuni za wali. Kuni za jogoo. Kuni za maji ya kuoga, na za chai iliyotiwa sukari aliyoileta yeye mwenyewe. Jana alipokuja ilikuwa hivi hivi. Kwa mzee Semboja alikaangiwa maandazi, na kwa Bi Zaina walichemsha makande ambayo hayakutaka kuiva. Nyumba zote sita zilikuwa zikimpokea mtu aliyekuja na sukari mkononi, kisha yeye akazipima siku hiyo hiyo. Aliyekuwa akizimaliza kuni ni yeye. Alitaka kucheka na alitaka kulia.

Mwajabu alipokwenda kwake, Rosina alimfuata Mama Mbwana kwenye vyombo. "Mama, nina ombi, na sijui nitalisemaje bila kukukosea adabu. Nikija kupima, usinipikie."

Mama Mbwana aliacha kusugua sufuria. "Chakula changu kina nini?"

Rosina akamweleza yote, hadi sukari. Ng'ambo ya mihogo Mwajabu alikuwa ameshawasha moto, na kikohozi chake kilisikika mpaka walipokaa.

"Kwa hiyo mdogo wangu akose nyumba kwa sababu ya jogoo wangu," Mama Mbwana alisema.

"Ndiyo ninachokiogopa, mama."

"Na mgeni atoke kwangu na njaa? Nitawatazamaje watu? Marehemu mume wangu hakuwahi kumwacha mtu apite kwake bila kuonja kitu. Nikwambie ukweli, mwanangu, hilo siliwezi."

Rosina hakumbishia. Moyoni alimpenda zaidi kwa jibu lile, ingawa lilimfungia njia. "Basi usinifanye mgeni," alisema mwishowe. "Nizoee."

"Kuzoeana hakuombwi." Mama Mbwana alirudia sufuria yake, akaisugua weee, kisha akaisukuma ndoo kwa mguu. "Haya, hiyo hapo. Bombani kuna foleni, usije ukarudi na maji nusu."

Dennis alipoelezwa alicheka hadi simu ikakwaruza. "Kumbe tulikuwa tunapima jogoo! Nipimie nyumba basi. Nitakutafutia siku za kukaa huko."

Rosina akahamia kijijini. Sukari akaiacha mjini, mzani akaujaribu kwa chupa ya maji. Alichota maji, alimenya mihogo, alipalilia mpaka viganja vikachubuka. Mwanzoni Mama Mbwana alijisahau na kubandika chai akimwona tu anaingia, Rosina akawa anaitelekeza na kukimbilia jembe. Siku moja aliunguza ugali, akasemwa kama wanavyosemwa mabinti wa nyumbani, na usiku ule alilala kwa raha. Alifanya vivyo hivyo kwa mzee Semboja, kwa Bi Zaina na kwa wengine, akilala huku, akiamkia kule.

Asubuhi ya kupima kwa Mama Mbwana alitokea kwa jirani, jua limeshapanda. Alizitundika kuni barazani, akasoma, akasoma tena. Zilikuwa zimepungua kidogo tu, kidogo kuliko hata ile nusu ya Dennis. Akaenda mlangoni.

"Hodi."

"Nani?" Sauti ilitoka chumbani.

"Mimi Rosina."

"Ah, wewe. Pita. Kiporo kimo kwenye sufuria, na kunde zipo. Kama hutaki cha baridi shauri yako, moto siwashi."

Rosina aliingia. Jiko lilikuwa baridi kabisa. Katika maisha yake ya kuzunguka majumbani alikuwa amekaribishwa kwa vingi, lakini hajawahi kukaribishwa hivi. Akaketi chini, akavunja kipande cha ugali mgumu, akakichovya kwenye kunde.

"Na ukimaliza uoshe hiyo sufuria," Mama Mbwana alisema kutoka chumbani, na kitanda kikalia akigeukia upande wa pili.