Pasi za Kona ya Kushoto

Mwalimu wa timu ya taifa ya mpira wa kikapu hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alikaa karibu na Dada Kona mwisho wa benchi, akaivuta karatasi ya takwimu na kuuliza, "Huyu pointi gadi wenu, anafaa?"

Dada Kona ndiye aliyeandika takwimu za timu tangu goti lake lilipomsaliti na daktari akamwambia mpira basi. Na huyo pointi gadi, mpangaji wa mchezo mwenye mdomo usiopumzika hata uwanja mzima ukamwita Chiriku, alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Kwa hiyo alipima maneno, asije akaonekana anampigia debe ndugu yake.

"Kasi anayo," alisema. "Mikono yote miwili inadunda mpira sawasawa. Pasi zake ndizo zinazotulisha. Mitupo ya mbali, tusidanganyane, bado. Na marefa hawamwezi kwa ubishi."

"Hayo yanarekebishika." Mwalimu aligonga kidole kwenye safu ya mipira iliyopotea. "Ila hii? Anatupa mipira nje hovyo. Pointi gadi anayevuja hivi simchukui. Kesho nakuja kumwangalia mara ya mwisho."

Hovyo! Dada Kona nusura acheke. Karibu kila mpira aliopoteza Chiriku ulikwenda mahali pamoja: kona ya kushoto, karibu na mstari. Hapo ndipo yeye aliposimama miaka yote, na ndipo alipopatia jina. Walikuwa chanda na pete. Mmoja akipenya, mwenzake anangoja kona, na mpira unakuja bila hata kutazamwa. Mazoea yana tabu. Mchezaji mpya wa upande ule alipenda kukimbilia kati, basi mpira ukawa unagonga viti vitupu.

Kocha wa timu yao alifoka, mashabiki wakazomea, naye Dada Kona akanyamaza. Alinyamaza kwa sababu alipenda, afadhali isemwe. Alitamani kurudi uwanjani, na zile pasi ndizo pekee zilizokuwa bado zikimtafuta. Kila moja iliyopotea ilikuwa kama kuitwa kwa jina.

Lakini raha yake hiyo ingemfungia mdogo wake mlango. Jioni ile, chumba cha kubadilishia nguo kilipobaki na wao wawili tu, alimkuta Chiriku akifungua kamba za viatu.

"Kule kona hakuna mtu, mdogo wangu."

Chiriku, ambaye hata usingizini huongea, aliinamia viatu vyake. Aliendelea kuivuta kamba ileile iliyokwisha kufunguka.

"Najua, dada," alisema hatimaye. "Mkono ndio haujui."

"Basi uambie. Yule mwalimu anarudi kesho."

"Na wewe je?"

"Mimi nipo benchi. Nani kakwambia watu wa benchi wanapasiwa?" Alitaka iwe mzaha, lakini hakuna aliyecheka.

Kesho yake mechi ilibana mpaka mwisho. Timu yao ikiwa nyuma kwa pointi moja, Chiriku aliwahadaa wawili, akapenya, na walinzi wote wakamvamia. Dada Kona aliuona mkono wa mdogo wake ukianza kuzunguka kuelekea kona ya kushoto. Ukasita. Mpira ukapita chini ya kwapa la mlinzi hadi kwa yule mrefu wao aliyekuwa peke yake chini ya kikapu. Filimbi ya mwisho ililia nyavu zikiwa bado zinatikisika.

"Nimemchukua," alisema mwalimu wa timu ya taifa, akainuka.

Benchi zima liliruka. Kocha alikumbatia kila aliyemfikia, hata refa mmoja aliyekuwa anapita zake. Dada Kona alifurahi, kweli alifurahi. Ila alipojitazama, mikono yake ilikuwa imeinuka usawa wa kifua, vidole vimetanuka, tayari kudaka. Aliishusha taratibu, akaokota kalamu sakafuni na kumwandikia mdogo wake asisti, pasi iliyozaa kikapu.