Karatasi Iliyotundikwa Kichwa Chini

Miaka sitini karatasi ile ilining'inia kichwa chini ukutani, kwenye sebule moja ya Sandton, na katika ukoo mzima wa Brandhorst hakuna hata mmoja aliyejua. Mimi niliona nikiwa bado mlangoni. Nilitaka kucheka. Baada ya dakika ishirini nilitaka kuvunja kitu.

Naitwa Bushra. Nashona nguo Jules Street, Malvern, katika chumba ninachochangia na Angélique, msusi wa Bukavu. Kwetu ni Tanga. Mwezi uliopita ujumbe ulipita kwenye kundi letu la WhatsApp, watu wa Tanga tulioko Joburg: anatafutwa mtu anayesoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Kuna mama anaandika kitabu cha ukoo wake, na babu yake, Otto Brandhorst, alikuwa na shamba la mkonge Tanga kabla Waingereza hawajamtoa. Wenzangu waliupita ujumbe ule kama matangazo mengine. Mimi mkasi ulinidondoka.

Jina hilo la Otto mama yangu alikuwa akilitaja kwa sauti ya chini. Bibi yangu Fauzia, mama yake mama, alikuwa na macho ya paka na nywele za rangi ya mkonge mkavu, na mtaa mzima ulijua baba yake ni nani. Ila hakuitwa kwa jina la baba, kama watu wanavyoitwa kwetu. Aliitwa Fauzia binti Mayasa, jina la mama, na kila aliyelisikia alielewa kwamba huyu ni wa nje ya ndoa. Siku ya kuolewa aliozeshwa na kadhi, eti hana baba kisheria. Mama yangu Masika akairithi aibu ile, nami nikapata sehemu yangu. Utotoni tulichota maji nyumba ya kisima, kwa akina Bakiri, na wanawake wa nyumba ile walituambia tusubiri, watoto wa halali wachote kwanza. Nimesimama na ndoo juani mara nyingi sana.

Angélique aliponiona nimevaa gauni la Iddi siku ya kazi alishika kiuno.

"Weye, unaenda wapi na robe ya fête?"

"Kwa Wajerumani wangu."

"Eish! Bale bazungu batakupa chai, na kisha batakufukuza."

Annelie Brandhorst alinipokea kwa furaha. Ni mama wa miaka sitini na kitu, miwani kaitundika kichwani, mchangamfu. Meza yake ilijaa orodha za abiria wa meli kutoka Hamburg, vyeti vya ubatizo, na mti wa ukoo mrefu kuliko shuka la kitanda. Majina mia mbili na kumi. Alinionyesha picha ya Otto kwenye baraza la shambani. Miguuni pake yupo mbwa, na jina la mbwa limeandikwa chini. Pembeni amesimama mwanamke mwenye kanga. Chini yake pameandikwa: mtumishi.

"Na hii ndiyo hati ya shamba lake," alisema, akiishusha fremu. "Itakuwa jalada la kitabu. Desemba tunakutana ukoo mzima."

"Mliitundika kichwa chini," nikamwambia.

Alicheka mpaka akafuta machozi. Wakati huo alinipenda. Nikamwomba niipige picha kwa simu ili nikuze herufi, akasema piga tu.

Herufi zile alinifundisha bibi Fauzia mwenyewe, kidole chake kikitembea juu ya ubao. Nilisoma kwanza kimoyomoyo. Kisha nikasoma kwa sauti na kumfasiria mstari kwa mstari, na kwamba Mdachi ndivyo wazee walivyomwita Mjerumani.

"Nimemuoza binti yangu Mayasa kwa Otto Mdachi, aliyesilimu mbele yetu akaitwa Adamu. Mahari yake ni nyumba yenye kisima iliyo kusini ya msikiti, nayo ni mali ya Mayasa, hana wa kumpokonya. Mashahidi ni Naseeb, muadhini, na Bakiri bin Shehe, karani wa Otto. Mwezi wa Shaabani, mwaka 1331 wa Hijra."

Annelie aliweka kalamu chini.

"Hii haiwezi kuwa ndoa," alisema. "Wakati ule wanaume wengi walikuwa na mipango ya namna hiyo. Babu alimuoa bibi yangu hapa Johannesburg, kanisani."

"Huyo alimuoa wa pili."

"Bushra, yule wa pichani alikuwa mtumishi."

"Alikuwa mke. Mimi ni kitukuu chake. Baba yako na bibi yangu Fauzia ni ndugu wa baba mmoja. Kwa hesabu ya kwetu wewe ni mama yangu mdogo."

Alinitazama usoni muda mrefu, akimtafuta Otto. Sijui kama alimpata. Alipofungua mdomo, sauti ilikuwa nyingine.

"Naomba uifute ile picha. Karatasi hii ni ya familia."

Hapo ndipo nilipolipuka. Ya familia! Otto alibeba karatasi akamwacha mwenye karatasi. Aliikunja vizuri, akaivusha nchi ngapi sijui, ikafika salama bila hata kuchanika, na kule nyuma mtoto wake akakua bila jina la baba. Laiti angeitupa tu barazani wakati anaondoka!

"Sifuti," nilisema. "Kwenye kitabu chako mwache mbwa, umfute Mayasa. Kwenye simu yangu humfuti."

Nikachukua mkoba wangu. Chai sikuigusa.

Nilitembea mpaka kwenye robot, taa za magari za barabara kubwa, nikasimama pale magari yakipita, naisoma picha tena. Ndipo jina lile likaniingia. Nilipokuwa ndani nilimwona Otto tu. Bakiri bin Shehe, shahidi. Huyu ndiye babu wa akina Bakiri wa kisimani, ambao siku zote walisema Mdachi alimwachia babu yao nyumba, na kwamba Mayasa alikuwa wa jikoni. Kumbe Bakiri mwenyewe alikuwepo. Alisikia ndoa ikifungwa, na mahari ikitajwa. Mdachi alipoondoka, Bakiri alihamia nyumba ile, akafunga mdomo, maana pasipo ndoa hapana mahari. Na ili nyumba ibaki yao, wajukuu wake wakatuita haramu mbele ya kisima chetu wenyewe. Hasira niliyomwekea Mjerumani miaka yote haikutosha kabisa. Hawa walikuwa majirani, walikula pilau kwenye misiba yetu.

Nikampigia mama.

"Mama, umekaa?"

"Nachambua mchele. Kuna nini?"

Nilimsomea yote.

"Soma tena shahidi," alisema.

"Bakiri bin Shehe."

"Na nyumba?"

"Yenye kisima, kusini ya msikiti. Mali ya Mayasa."

Nikasikia sinia likiwekwa chini.

"Usikate simu, mwanangu."

Nikasikia ndala zake, mlango, barabara. Mtoto wa mtu alimwamkia, "Shikamoo Bi Masika," na mama yangu, ambaye hajawahi kuacha salamu ya mtoto, hakuitikia. Robot ilibadilika mara tatu mbele yangu, sikuvuka. Kisha mlango uligongwa kwa kishindo.

"Hodi!"

"Nani?" Sauti ya mwanamke, kutoka ndani.

Miaka sabini na mitano mama yangu amekuwa akijibu pale kwa akina Bakiri kwa unyonge, ni mimi tu, Masika. Leo alivuta pumzi kwanza.

"Masika," alisema, "mtoto wa Fauzia binti Adamu. Fungueni. Leo nachota wa kwanza."