Kamanda wa Zohali Aingilia Posa ya Nduta

Siku ile Wekoye alipotoka Kamukuywa na mkewe Mary Ann kwenda Kitale kumposea mwana wao Khisa, naye akiwa nao, hakuna aliyedhani posa ingekaribia kuvunjika kwa sababu ya muvi.

Baba yake Nduta, msichana mwenyewe, ni Mzee Gathii, mkulima wa viazi na mzee wa kanisa. Lakini Jumamosi haimpiti bila kuingia kibanda cha video karibu na Kipsongo kutazama "Kamanda wa Zohali", muvi ya vita vya angani yenye sehemu saba. Kizungu chake hakisikiki hapo. Kuna DJ anayetafsiri kila neno, akipiga kelele kushinda mizinga yenyewe.

Chai ilikuwa imemiminwa na maombi yameisha Wekoye alipoiona picha ukutani, kando ya ile ya harusi ya Gathii.

"Mzee, na huyu wa kofia ya chuma ni ndugu yenu?"

"Huyo ni Kamanda," Gathii akajibu kwa fahari. "Hakuna muvi duniani inayoifikia yake."

Wekoye akacheka mpaka chai ikampalia. "Inasifiwa bure, bana! Mtu mzima anatorokea kwenye nyota kukwepa mahari, ati ndiye shujaa?"

Gathii akaweka kikombe chini. "Nani anakwepa mahari?"

"Si huyo Kamanda! Malkia wa Vumbi ni mama mkwe wake. Anamfuata sayari hadi sayari akidai ng'ombe. Na zile roboti ni mashemeji."

Hivyo ndivyo DJ wa kibanda cha kwao, Bungoma, alivyoitafsiri.

"Uongo mtupu! Kamanda anatafuta mbegu ya viazi. Viazi vya dunia nzima vimeoza, na mbegu imefichwa na Malkia!"

"Viazi? Huko juu?"

Gathii akasimama. "Mzee, umekuja kuposa ama kunitangazia kwamba mashujaa wa kwenu hawalipi mahari?"

Mary Ann akafunika uso kwa leso. Nduta akamfinya Khisa. "Fanya kitu!"

Khisa, ambaye ni mwalimu, akaitafuta muvi kwenye simu na kuiunganisha na televisheni: sehemu ya kwanza, kwa Kizungu chake, bila DJ.

Kamanda alisimama dirishani akitazama giza. Akaongea. Akaongea tena.

"Anasema nini?" Gathii akauliza.

"Anasema amechoka, Baba."

Wakangoja.

"Na sasa?"

"Bado amechoka."

Malkia wa Vumbi akatokea. Wazee wote wawili wakasogeza viti.

"Sasa anadai ng'ombe!" Wekoye akasema.

Khisa akakuna kichwa. "Anasema... naye pia amechoka."

"Na roboti?" Wekoye akauliza.

"Inaomba chaji."

Gathii akaitazama picha ya Kamanda ukutani, kama mtu aliyewasifia wageni maziwa ya ng'ombe wake, kisha wakaona ni fahali. "Basi ni kweli," akasema polepole. "Inasifiwa bure."

Wekoye angefurahi, lakini alinywea. "Hapana, Mzee. Hii ndiyo mbaya. Ile yetu ni tamu. Sehemu ya nne niliirudia, pale mama mkwe anakwama kwenye kimondo."

"Kumbe umeziona zote! Sasa mbona unaitukana?"

"Namtukana Kamanda! Sehemu saba, na hajatoa hata mkia wa ng'ombe!"

Gathii akaangua kicheko, akashika ubavu. "Khisa, zima hiyo sauti."

Sauti ikazimwa. Gathii akajikohoza, akawa Kamanda: "Ewe Malkia, toa mbegu, watoto wanalala njaa!" Wekoye akabana pua, akawa Malkia: "Mkwe wangu, leta ng'ombe kwanza!" Majirani wakajaa mlangoni. Khisa akapewa kazi ya kupiga meza iwe mizinga.

Rosaline, mama yake Nduta, akamtazama Mary Ann. Wakabeba viti vyao hadi jikoni, na huko, kwa utulivu, wakakubaliana mambo yote ya mahari na harusi, hata mapishi.

Walirudi sebuleni kutangaza.

"Harusi ni Desemba," Rosaline akasema.

"Sawa, mama, sawa," Wekoye akajibu kwa sauti ya Malkia, bila kugeuka. "Hebu sogea kidogo, unatuziba."